Kiingereza cha kila siku sekondari: dakika 10 za kusoma, dakika 7 za kuandika

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Kiingereza Kidato cha Kwanza, mikondo mitatu ya watoto sabini sabini, nakuandikia wewe. Vitabu vya kiada havitoshi, kipindi ni dakika 40, na karibu watoto wote hao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa wanatakiwa waelewe biolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza, na kila mwalimu asiyeeleweka darasani anakutupia jicho wewe akirudi ofisini.

Nafundisha shule ya kata ya kutwa hapa Mwanza, juu ya kilima cha mawe. Utaratibu wangu ni mmoja: kila kipindi cha Kiingereza, watoto wasome dakika 10 na waandike dakika 7. Dakika 23 zinazobaki ni zako, za sarufi, za mada ya siku, na za tangazo la mwalimu wa zamu ambaye lazima aingie katikati.

Wengi wetu tumezoea insha moja kwa mwezi. Insha moja kwa mikondo mitatu ni madaftari 210. Unayabeba nyumbani kwenye kiroba, yanakaa juu ya kabati wiki mbili, na ukiyarudisha mtoto keshasahau alichoandika, anatazama alama tu kisha anafunga. Tena kwa sababu insha ni moja na ina alama, anaiandika kwa woga, au anamwomba kaka yake aliyemaliza Kidato cha Nne amwandikie. Mistari mitano ya kila siku hakuna atakayemwandikia, na hana sababu ya kuiogopa.

Kabla ya wiki ya kwanza

Kila mtoto awe na daftari dogo la pekee, mbali na kaunta buku ya somo. Lisiwe la gharama. Upande wa mbele ni wa kuandika kila siku; akiligeuza, upande wa nyuma ni wa maneno mapya. Asiye na uwezo mpe karatasi zilizobaki kwenye madaftari ya mwaka jana, zishonwe kwa uzi. Usimrudishe nyumbani kwa ajili ya daftari, maana ukimrudisha umempa sababu ya kutokuja na kesho.

Wewe mwenyewe nunua karatasi za manila, makapeni mbili nyeusi, na uwe na saa inayoonekana. Nasisitiza saa kwa sababu dakika 7 zisizopimwa huwa 20, na zikiwa 20 mada inalala, mada ikilala utaacha utaratibu wote kabla ya likizo ya Juni. Mpe monita kazi ya kutazama saa. Wanaipenda kazi hiyo kupita kiasi.

Kusoma bila vitabu vya kutosha

Kutoa kopi kwa wote ni gharama: ukurasa mmoja shilingi 100, watoto sabini ni 7,000 kwa kipindi kimoja cha mkondo mmoja. Hakuna mshahara unaohimili hilo. Andika kifungu kwenye manila, mistari kumi au kumi na miwili, herufi kubwa kiasi cha kusomeka na aliyekaa dawati la mwisho. Nenda ukasimame nyuma kabisa ujaribu mwenyewe kabla hawajaingia. Manila moja inatumika mikondo yote mitatu, na mwakani tena.

Siku ya kwanza ya kifungu soma wewe kwa sauti, taratibu, wao wafuate kwa macho. Kisha wasome kwa pamoja mara moja. Nimesema mara moja, kwa sababu kusoma kwa pamoja kunamficha asiyejua. Simama pembeni utazame midomo: wapo wanaoitingisha tu, macho yao yakiwa dirishani kwenye maji ya ziwa, na sauti ya darasa inawabeba. Baada ya hapo wasomeane wawili wawili kwa kunong'ona, mmoja sentensi hii, mwenzake ile, na anayesikiliza ndiye anayerekebisha. Malizia kwa kimya: kila mtu asome peke yake akitafuta jibu la swali moja uliloandika ubaoni. Swali moja tu. Ukiweka matano watayasoma maswali na kuacha kifungu.

Kifungu utakitoa wapi? Kiandike mwenyewe, kuhusu kitu wanachokijua. Kwenye wiki ya kufundisha mambo tuliyokuwa tukiyafanya zamani, mimi natumia daraja la Kigongo–Busisi. Kabla halijafunguliwa mwaka 2025, kwenda Sengerema ulipanga foleni ya kivuko, ukala muhogo wa kukaanga na mahindi ya kuchoma mpaka ukachoka. Watoto wenye bibi zao ng'ambo wanaikumbuka foleni ile vizuri. Kifungu kinaanza na "We used to wait for the ferry", na baada ya sentensi tatu nne huhitaji kueleza kanuni kwa nusu saa. Wameiona inavyofanya kazi. Kwa mambo yaliyotokea na kwisha, ninacho kifungu kifupi cha MV Bukoba: meli iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikazama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Kila kitenzi kiko katika wakati uliopita na mpangilio wake ni wa saa, hivyo ni rahisi kufuatwa. Lakini uliza kwanza darasani nani ana ndugu aliyezikwa Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa katika ajali ile. Akiwepo, mwite pembeni, mwambie kesho tutasoma nini, na akitaka kukaa maktaba siku hiyo akae.

Mara moja kwa wiki waambie waje na kitu chochote kutoka nyumbani chenye maandishi ya Kiingereza. Yatakuja maboksi ya dawa ya meno, mfuko wa saruji uliokatwa, karatasi ya maelezo ya dawa, pakiti ya mbegu za mahindi, lebo iliyobanduliwa kwenye jaketi la kujiokolea. Hapo una vifungu sabini bila kulipa senti. Kazi yao ni kutafuta sentensi moja inayotoa amri na kuinakili. Karibu kila boksi la dawa lina ile sentensi ya kuwekwa mbali na watoto, na wanaoisoma ndio watoto wenyewe. Wanaicheka kila muhula.

Magazeti ya Kiingereza usiyadharau hata yakiwa ya mwezi uliopita. Mama wa mgahawa jirani na shule hunitunzia yale asiyofungia chapati. Kata habari fupi fupi, bandika kwenye maboksi magumu, ziwe kadi. Wanaomaliza mapema wanachukua kadi.

Na mvua. Dhoruba za ziwani hapa hupenda kuja asubuhi, na ikipiga kwenye bati tupu lisilo na dari hata wewe mwenyewe hujisikii. Usishindane nayo. Siku hiyo dakika 10 ziwe 20, wote kimya, kadi na manila, na wakati wa kueleza utaupata kesho.

Kuandika dakika 7

Hapa ndipo uzito wote ulipo, kaa napo.

Andika ubaoni mwanzo wa sentensi moja. Monita anasema anza. Kutoka hapo kalamu haisimami mpaka aseme basi. Hakuna kufuta, hakuna kuchana karatasi. Akikosea apige mstari mmoja aendelee. Hakuna kuuliza tahajia, kwa sababu wa kwanza akiuliza, dakika zote zitakwisha ukijibu wa ishirini. Akikwama neno, aliandike kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, alipigie mstari chini, asonge mbele. Mwishoni anahesabu mistari yake na kuandika idadi pembeni. Anashindana na jana yake mwenyewe. Mwezi Januari utaona mbili, tatu, tatu, mbili. Ikifika Machi wengi wanapita sita bila kujua wamepitaje.

Najua kuhusu hilo la Kiswahili utaulizwa. Zipo shule zenye vibao vya kukataza Kiswahili getini, na zipo zinazomvisha mtoto kipande cha ubao shingoni akikutwa anakizungumza. Mimi sikubaliani nazo. Mtoto aliyenyimwa neno lake hatafuti la Kiingereza. Anakaa kimya, na wewe unadhani hana la kusema. Neno lililopigiwa mstari ni taarifa kwako: ndilo la kumfundisha kesho. Yale yanayojirudia kwenye madaftari mengi nayaandika pembeni mwa ubao asubuhi inayofuata, matano yasizidi, nao wanayahamishia nyuma ya daftari. Kwa njia hii msamiati unapangwa na mahitaji yao.

Mwanzo wa sentensi uuchague kwa makini. Achana na shule yangu, rafiki yangu, siku yangu ya kuzaliwa. Hizo walikariri tangu darasa la tano, na utapata aya sabini zenye sentensi zilezile, zote zikianza na jina la rafiki na kumalizikia na kupenda ugali. Toa kitu cha leo asubuhi: "On my way to school I saw". Toa ugomvi: "It is not fair that". Toa bei: "Yesterday the price of". Siku moja kwa wiki waandike namna ya kufanya kitu ambacho mwalimu hakijui. Mimi sijui kutengeneza wavu uliochanika, wala kumsuka mtu, wala kuendesha mtumbwi ukiwa na upepo wa pembeni. Mtoto anayemfundisha mwalimu wake ana mengi ya kusema, na anajua mwalimu anasoma ili aelewe.

Nikupe mfano. Kijana mmoja ambaye mama yake anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, aliandika hivi, na ninaunakili kwa ruhusa yake:

"In the dark nights the men goes with lamps. Dagaa is coming to the light. In the morning my mother buy two ndoo and we are spread them on the sand. If the rain come they become bad smell and we sell for chicken."

Mtu wa mjini hapa anajua habari hiyo ni ya kweli tupu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Na dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka huishia kuwa chakula cha kuku. Mtoto ana habari, ana mpangilio wa mambo, ana sababu na matokeo. Sasa shika kalamu nyekundu uone utakavyomharibu: ukihesabu kila kosa utapiga alama saba au nane kwenye mistari minne, na kesho ataandika mistari miwili ili apate alama mbili.

Wiki ile tulikuwa tunashughulika na kitenzi kukubaliana na mtendaji wake, mmoja au wengi. Basi nikaweka nukta ndogo chini ya "goes", chini ya "buy" na chini ya "come". Sikuandika jibu. Hayo mengine yote nikayapita, ikiwemo "we are spread", ambayo itapata wiki yake. Pembeni nikaandika swali moja la mtu aliyesoma na kutaka kujua: mnawauza kwa kuku vipi, mnabadilishana dagaa na kuku? Darasani alicheka mwenyewe. Kesho yake chini ya nukta zangu alikuwa ameandika "go", "buys", "comes", na sentensi mpya: "We sell them to people who keep chickens." Sentensi ile ina kirejeshi, "who", ambacho sijamfundisha. Aliihitaji akaitafuta.

Kusahihisha bila kubeba kiroba

Usikusanye yote. Kila siku chukua madaftari kumi kwa mkondo, safu moja. Mikondo mitatu ni madaftari 30, na ukiweka nukta za aina moja ya kosa pamoja na swali moja, unayamaliza kwenye kipindi chako cha wazi na kubaki na muda wa chai. Baada ya vipindi saba umemfikia kila mtoto. Usitangaze ni safu ipi leo. Wasiokusanywa wanasomeana na jirani, na jirani anaweka sahihi chini. Sahihi hiyo inawapa heshima kubwa kuliko unavyodhani.

Alama usiweke. Ukiweka hata moja, daftari litageuka mtihani. Ninachorekodi kwenye kitabu changu ni idadi ya mistari na aina ya kosa linalojirudia, basi.

Kosa la L na R nalitaja kwa sababu huku kwetu halikwepeki. Aliyekulia Kisukuma ameizoea L. Mtoto ataandika kwamba kwenye harusi walikula "lice" na nyama. Acha wacheke kidogo, liandikwe nyuma ya daftari, endeleeni. Sioni haja ya kulifanya somo zima.

Asiyejua kusoma kabisa

Yupo, na si mmoja. Amefika sekondari na hata Kiswahili anakisoma kwa kubahatisha. Dakika 7 za kalamu isiyosimama kwake ni mateso, kwa hiyo mpe kazi nyingine ileile kwa sura: anakili sentensi moja ya kwenye manila, kisha aiandike tena akibadilisha neno moja. "We used to wait for the ferry." Chini yake: "We used to wait for the bus." Kisha "for the rain". Ana sentensi tatu sahihi, zake, na kwa mbali anaonekana anaandika sawa na wengine, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka kumi na minne ni kubwa. Mkalishe na msomaji mzuri asiye na maringo. Wenye maringo utawatambua mapema.

Wapo pia wanaofika wamechoka, waliokuwa mwaloni au sokoni na wazazi tangu alfajiri. Akisinzia wakati wa kusoma mwache dakika hizo, umwamshe wakati wa kuandika. Mistari mitatu inatosha siku hiyo. Lakini akisinzia wiki nzima hilo si la Kiingereza tena. Mpeleke taratibu kwa mwalimu wa malezi na mzazi aitwe.

Imla ya mbio

Mara moja kwa wiki, wakianza kuchoka na utaratibu, tumia imla ya mbio. Unahitaji karatasi nne au tano zenye kifungu kilekile cha mistari sita. Zibandike nje. Sisi tuna mawe makubwa yaliyozunguka madarasa, nabandika juu ya mawe. Wanakuwa wawili wawili: mmoja anakimbia, anasoma sentensi, anairudisha kichwani, anamtajia mwenzake anayeandika. Kukimbia na karatasi au kalamu ni marufuku. Katikati wanabadilishana. Kwa darasa la sabini toa nusu kwanza, nusu iliyobaki isome kadi, vinginevyo mtagongana mlangoni. Mwarifu mwalimu wa darasa la jirani mapema, maana kelele zipo. Mwishoni wanatoka wote wakalinganishe walichoandika na cha kwenye jiwe, wasahihishe wenyewe.

Mtaaluma akiuliza

Mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, atauliza: silabasi utamaliza lini? Mwonyeshe kwamba mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne inataka ufahamu, ufupisho, barua na insha, na kwamba hayo yote ni kusoma na kuandika. Mwonyeshe daftari la mtoto yuleyule la Januari na la Mei. Usibishane kwa maneno, na kwenye andalio la somo ziandike zile dakika 17 waziwazi kama hatua ya kwanza ya kipindi, ili mkaguzi akija asizione kama kitu cha kificho.

Insha ndefu nayo inatoka humohumo. Kuanzia muhula wa pili, kipindi cha mwisho cha wiki mtoto anachagua aya moja kati ya alizoandika wiki hiyo, ile anayoona ina kitu, na kuirefusha ifike ukurasa mmoja kwenye kaunta buku. Kwanza jirani anaisoma na kuandika maswali matatu pembeni: nani, kwa nini, halafu ikawaje. Majibu ya maswali hayo ndiyo urefu wa insha. Hizi ndizo unazosahihisha kwa kina, lakini mkondo mmoja kwa wiki, kwa zamu. Ile mikondo mingine miwili insha zao zinabandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo na kusomwa na wenzao zikiwa na makosa yake yote.